Waya Uliokatika Ndani ya Volvo ya Kale

Nazungumza kutoka Stockholm. Mazungumzo yangu ya leo yanahusu waya wa chuma mwembamba kuliko penseli, nami nina sababu ya kuuzungumzia.

Gari langu ni Volvo Amazon ya mwaka 1966, iliyoundwa katika nchi hii hii. Spidomita yake haina mshale. Ina utepe mwekundu unaorefuka kuelekea kulia kadiri mwendo unavyoongezeka. Majira yote ya baridi utepe huo ulikuwa ukitetemeka, na asubuhi zenye barafu ulisikika mlio mkali nyuma ya dashibodi. Nilizipuuza dalili zote mbili. Jumamosi moja ya Aprili mlio ukakoma, utepe ukarudi sifuri na kubaki hapo.

Nilijiambia kwamba si neno. Mimi ni mtayarishaji wa vipindi vya redio, riziki yangu ni masikio. Nitaukisia mwendo kwa mngurumo wa injini. Simu ya mkononi nayo huonyesha mwendo kwa msaada wa setilaiti, lakini huchelewa, na ndani ya njia za chini ya ardhi, ambazo hapa ni nyingi, hupoteza mawasiliano. Wala hakuna mkaguzi ambaye angenikamata: tangu mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 50 halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa serikali.

Siku chache baadaye nilitoka barabara kuu ya Essingeleden, ambako kikomo ni kilomita 70 kwa saa, nikaingia mtaa wa Hägersten. Karibu na shule, ambako kikomo ni 30, pamewekwa ubao unaomwonyesha dereva mwendo wake. Kwa masikio yangu nilikuwa nikitambaa. Ubao uliandika 44. Ukingoni mwa barabara walisimama watoto watatu na mikoba yao mgongoni, wakisubiri kuvuka.

Sikio lililozoea mwendo mkubwa huuona mwendo wa kati kuwa mdogo. Nguvu ya mgongano nayo haiongezeki sawia na mwendo, bali kwa mraba wake, kwa hiyo kati ya 30 na 44 nguvu hiyo huzidi maradufu. Ndiyo maana Bunge la Sweden, lilipopitisha mwaka 1997 sera ya kutaka asife wala kujeruhiwa vibaya mtu yeyote barabarani, lilifungua njia ya vikomo vidogo namna hii. Niliegesha gari, mikono ikitetemeka.

Jioni nilimpigia simu mjomba wangu aliyeko Tanga, fundi wa malori aliyestaafu. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza swali moja tu:

"Namba za kilomita nazo zimesimama?"

"Zimesimama, mjomba."

"Basi usiifungue mita. Anza na waya."

Swali lake lilikuwa la kitaalamu. Waya hutoka kwenye giaboksi, ukizungushwa na gia ndogo, na huendesha mambo mawili: namba za kilomita na kipimo cha mwendo. Namba huzungushwa moja kwa moja na gia. Mwendo hupimwa kwa ubunifu ambao Otto Schulze aliusajili nchini Ujerumani mwaka 1902: waya huzungusha sumaku karibu na kikombe cha alumini, bila kukigusa. Alumini hainaswi na sumaku, lakini sumaku inayozunguka huzalisha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kiifuate. Springi nyembamba hukizuia kisizunguke chote. Kwa hiyo namba zikiendelea kwenda huku mwendo haupimwi, mita ndiyo mbovu. Vyote viwili vikifa pamoja, kwanza shuku waya.

Nilifungua nati iliyo nyuma ya mita, nikauvuta waya wa ndani kutoka kwenye ala yake. Ulitoka mfupi. Kipande cha pili kilikuwa kimebaki chini, upande wa giaboksi, nami nilikitoa nikiwa nimelala chali chini ya gari lililoegemezwa juu ya vigingi vya chuma (jeki pekee haitoshi, na hili mjomba alilirudia mara mbili). Vipuri vya Volvo za kale bado vinauzwa hapa. Kabla ya kufunga kipya, nilikilaza kando ya kile cha zamani: urefu lazima ulingane, na ncha za pembe nne zikae barabara katika matundu yake.

Makosa mengi hufanyika kwenye kulaza na kupaka grisi. Ala ikikunjwa kwa kona kali, waya husuguana na ukuta, utepe ukatetemeka, na baada ya miezi kadhaa waya hukatika tena. Yangu ya zamani ilikuwa imepindwa hivyo hivyo. Ala ipite mbali na bomba la moshi. Grisi ipakwe kidogo, na sehemu ya juu, kiasi cha upana wa kiganja, iachwe kavu. La sivyo grisi itapanda hadi ndani ya mita na kuiharibu. Kisha zungusha waya kwa vidole kabla ya kukaza nati. Ukizunguka kwa kurukaruka, legeza na uulaze upya.

Nilipokuwa chini ya gari nilimkumbuka Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mbio za Safari mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo PV544, kaka mkubwa wa gari langu. Katika mbio za enzi hizo msoma ramani alitegemea namba za kilomita kujua kona iko wapi. Sijui waya wao ulipindwa vipi, lakini naamini ulipindwa vizuri kuliko wangu.

Jumatatu nilipita tena Hägersten. Utepe ulisimama kwenye 30, nao ubao ukaandika 28. Mita nyingi za zamani huzidisha kidogo. Watoto walikuwa wakivuka, nami nikasimama kuwasubiri.

Kutoka Stockholm, kwaherini.