Jina la Askari Lisipotee

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kazi yangu kwenu ni kalamu na daftari, wala si kuhutubia. Basi nikikosea maneno, wazee wangu mniwie radhi. Kamati iliniagiza nizungumze habari za ushujaa vitani. Nimechagua habari za kijana mmoja, Sajini Nigel Gray Leakey, Mzungu aliyezaliwa katika nchi hii, huko Kiganjo karibu na Nyeri, tarehe 1 Januari 1913. Nimemchagua kwa sababu ndani ya habari zake limo jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Italia iliingia vitani mwezi wa Juni 1940. Mwaka uliofuata majeshi yaliyotoka Kenya yalipita Somalia, yakaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941, na Mfalme Haile Selassie akarudi katika mji wake tarehe 5 Mei. Walakini vita havikwisha. Adui alikuwa bado na majeshi upande wa kusini, katika nchi ya maziwa, na mvua za masika zilikuwa zimegeuza barabara kuwa matope matupu. Huko ndiko kilikopelekwa kikosi cha 1/6 cha K.A.R., kikosi cha askari wa Tanganyika, na Leakey alikuwa mmoja wa masajini wake.

Tarehe 19 Mei 1941 makampuni mawili ya kikosi hicho yalivuka mto Billate, mahali paitwapo Colito, yakashika ng'ambo ya pili. Kabla hawajajiimarisha, vifaru vya adui vilitokea vichakani, vikawaelekea. Askari wa miguu wenye bunduki hana la kukifanya kifaru. Leakey alikuwa akiwasaidia wenzake kwa mzinga mdogo wa kutupia makombora, mpaka makombora yote yakamwishia. Hapo alikikimbilia kifaru kimoja kutoka nyuma, akakirukia, akakifungua kifuniko cha juu, akawapiga kwa bastola waliokuwamo, isipokuwa dereva. Dereva huyo alimlazimisha akipeleke kifaru mahali pa kujificha. Akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho, ukakataa. Basi akashuka, akasema kwa sauti kuu kwamba atavikabili vilivyobaki kwa miguu.

Akaenda kuvivizia vifaru vingine, risasi zikimiminika. Viwili vikampita. Cha tatu alikirukia, akakifungua, akamwua mmoja wa waliokuwamo. Ndipo kifaru cha nne kilipompiga kwa bombomu, akaanguka. Umri wake ulikuwa miaka 28. Shambulio lile la vifaru likavunjika, na wenzake wakapigana kwa moyo mpya. Hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa katika ukumbusho uliomo makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Tarehe 15 Novemba 1945 ikatangazwa London kwamba amepewa nishani ya Victoria Cross, ambayo ndiyo kubwa kupita zote kwa ushujaa mbele ya adui. Chanda chema huvikwa pete, na pete hiyo alistahili.

Sasa, wazee wangu, naomba mnisikilize kwa makini. Tangazo lile la nishani lasema kwamba alipokwenda kuvivizia vifaru kwa miguu hakuwa peke yake. Alifuatana na sajini meja mmoja Mwafrika na askari wawili. Watu watatu walitembea pamoja naye katika risasi zile zile, wakiviendea vifaru vile vile. Tangazo lataja vyeo vyao. Majina yao halikuyataja.

Sisemi haya ili kupunguza sifa ya marehemu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nami naamini Leakey mwenyewe, kama angalirudi, angaliwataja wenzake kwa majina.

Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, yamesimama masanamu ya askari na wapagazi wa vita vya kwanza, yaliyowekwa mwaka 1928. Maandishi yake yaahidi kwamba ajapokufa mtu katika kuipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ni ahadi nzuri. Lakini katika masanamu hayo hakuna jina la askari hata mmoja. Kazi ya kukumbuka tumeachiwa sisi wana.

Je, tumeifanya? Nitaanza na nyumba yangu ili nisiwalaumu wengine. Babu yangu alikwenda Burma. Nyota yake ya shaba imo katika mkebe nyumbani kwetu. Victoria Cross huchorwa jina la mwenyewe. Nyota ya babu nimeigeuza nyuma, nimeikuta tupu. Nambari yake ya jeshi siijui, wala kikosi chake sikijui. Mimi niliyeandika majina ya wanachama na michango yao mwaka baada ya mwaka, sijapata kuliandika jina la babu yangu mahali popote. Naliona haya.

Katika vita vile vya pili walikwenda watu karibu 98,000 kutoka Kenya peke yake. Wengi wao wamekwisha kututoka. Wanaojua habari zao ni ninyi wazee mliozisikia vinywani mwa baba zenu, nanyi hamtakuwapo siku zote. Mali bila daftari hupotea bila habari; na jina la mtu ni mali kupita ng'ombe.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya mkutano huu. Chama kinunue daftari moja, na killa nyumba ilete jina la askari wake: jina lake na la baba yake, kikosi chake, nchi aliyopelekwa, na mwisho wake, kama alirudi au hakurudi. Mwenye hati ya kuachishwa jeshi ailete, nitainakili na kumrudishia siku ile ile. Asiye na hati alete jina tu, latosha. Kazi ya kuandika nitaifanya bila malipo, na jina la kwanza litakuwa la babu yangu.