Wanaopumua bila hewa

Kila vinapotajwa vinamasi vya Cuvette Centrale, huko kwenye Kongo zote mbili, tunasomewa takwimu ileile ya mwaka 2017: tani bilioni 30 hivi za kaboni. Sawa. Lakini ni nani anaishi ndani ya mboji hiyo?

Chota konzi moja ya tope lile jeusi. Utaona majani, mizizi na vijiti vilivyooza nusunusu, maji yamejaa kila upenyo. Oksijeni haifiki mbali humo, na bado bakteria wanapumua. Kupumua ni kula, kisha kupata pa kutua elektroni zinazobaki. Sisi tunazikabidhi oksijeni. Wao, wakiikosa, hutafuta naitreti, chuma au salfeti, vitu ambavyo kinamasi kinachotegemea mvua hakina vya kutosha. Basi mboji yenyewe hushika zamu: asidi zake za humiki huzipokea elektroni hizo, uwezo ambao watafiti wa Marekani waliuonyesha mwaka 1996. Mboji inayowalisha ndiyo pia inayowapumulisha, kama mgeni anayelala juu ya gunia la chakula chake.

Elektroni zikienda huko, vijidudu vinavyotoa methani hupungukiwa riziki. Maji yakishuka kidogo, oksijeni huingia na kuziandaa asidi kupokea upya. Yakishuka kwa muda mrefu, oksijeni hiyohiyo huiozesha mboji, na kaboni ya maelfu ya miaka hupaa angani. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilinadi vitalu vya mafuta, vingine vikiwa juu ya mboji. Swali langu kwa wanunuzi lingekuwa moja: mifereji ya kuondoa maji mtaipitisha wapi?