Sakafu Ionekane: Utunzaji wa Filta ya Bwawa la Kuogelea

Mazungumzo ya afisa wa afya ya umma wa kaunti mbele ya wahudumu wa mabwawa ya kuogelea kutoka Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wote.



Leo nazungumzia chombo ambacho mwogeleaji hakioni: filta. Wengi hudhani kazi yake ni kulipendezesha bwawa. Sivyo. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Hushuka chini kimya kimya. Maji yakiwa na ukungu, mlinzi anaweza kusimama mita chache tu kutoka kwake asimwone. Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: ukisimama ukingoni penye kina kirefu, uone waziwazi kifuniko cha tundu la kutolea maji kilichoko sakafuni. Usipokiona, bwawa lifungwe, hata kama wageni wamelipa, hata kama ni sikukuu.

Kuna wanaosema, "Tutaongeza klorini, yatasafika." Klorini huua vijidudu, lakini haiondoi vumbi, jasho wala mafuta ya kujipaka. Tena uchafu huo huila klorini, kwa hiyo filta iliyopuuzwa hukumalizia dawa na pesa. Na vipo vijidudu vya kuhara, kama Cryptosporidium, vinavyoweza kuishi siku kadhaa katika maji yenye klorini ya kawaida. Klorini na filta ni kama pacha: hakuna anayeweza kufanya kazi ya mwenzake.

Mabwawa mengi hapa kwetu yana filta ya mchanga. Pampu husukuma maji yapite katikati ya mchanga ndani ya tangi, uchafu hunaswa, na maji safi hurudi bwawani. Uchafu ukizidi, maji hupita kwa shida na geji ya presha hupanda. Geji ndiyo inayokuambia saa ya kuosha, si kalenda. Siku filta ilipo safi, soma geji na uandike namba hiyo ukutani kwa rangi. Ikipanda kwa psi 8 hadi 10 juu ya hapo, osha. Kama ilikuwa 12 ilipokuwa safi, osha ikifika 20 au 22.

Usioshe kila siku kwa mazoea. Uchafu kidogo juu ya mchanga husaidia kunasa chembe ndogo zaidi. Pia fikiria maji yenyewe. Pampu inayosukuma mita 15 za ujazo kwa saa humwaga lita 250 kila dakika. Dakika 3 za kuosha ni lita 750, yaani zaidi ya mitungi 37 ya lita 20. Katika kaunti ambayo kina mama wengi bado hupanga foleni penye kioski cha maji, hicho si kitu cha kumwaga ovyo.

Sasa hatua zenyewe.

Kwanza, zima pampu. Usigeuze mkono wa valvu pampu ikiwa inazunguka, kwa sababu raba ya ndani huharibika, na maji yanayochujwa huanza kuvuja kwenda kwenye paipu ya uchafu.

Pili, geuza mkono hadi mahali pa kuosha kinyume, hakikisha paipu ya maji machafu iko wazi, kisha washa. Tazama kioo kidogo kilicho kwenye valvu. Maji yatatoka meusi, halafu yatakuwa meupe, kwa kawaida baada ya dakika 2 au 3.

Tatu, zima tena, geuza mkono mahali pa kusuuza, washa kwa nusu dakika hadi dakika moja. Hatua hii hurukwa na wengi, na uchafu uliobaki hurudi moja kwa moja bwawani.

Nne, zima, rudisha mkono mahali pa kuchuja, washa, soma geji na uandike.

Ikiwa geji haikurudi kwenye namba ya usafi, mchanga umeshikana na tangi linahitaji kufunguliwa. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Weka pH kati ya 7.2 na 7.8, ikipita hapo, chokaa huganda haraka. Geji ikishuka kuliko kawaida, angalia kikapu cha pampu, huenda kimejaa majani. Mkiona mchanga sakafuni mwa bwawa, huenda mabomba madogo chini ya tangi yamevunjika, mwite fundi.

Mchanga wa filta hubadilishwa kila baada ya miaka 5 hadi 7 hivi. Usitie mchanga wa ujenzi wala wa ufuoni. Nunua ule wa filta, wenye chembe za karibu nusu milimita.

Wenye filta ya katriji, itoeni mwioshe kwa mpira wa kawaida, mkunjo baada ya mkunjo. Msitumie mashine ya presha wala brashi ya waya, kwani kitambaa hupasuka.

Maji machafu ya filta yasielekezwe ufuoni, mtaroni wala kwa jirani. Yana klorini, na matumbawe ya Watamu na Malindi ndiyo yanayoleta wageni tunaowahudumia. Chimbeni shimo la kunyonya maji, mbali na kisima.

Mwisho, usalama wenu. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua chochote. Usifungue tangi lenye presha. Usichanganye aina mbili za klorini, hata kwa kijiko kimoja, kwani zinaweza kulipuka. Na kifuniko cha tundu la sakafuni kikivunjika, mtu yeyote asiingie majini, maana nguvu ya pampu inaweza kumnasa mtoto kwa nywele au mkono.

Wasimamizi, mhudumu akisema bwawa lifungwe, msimgombeze. Mpeni daftari, kipima klorini na glavu. Afisa wa afya akija kukagua, daftari hilo ndilo atakaloliomba kwanza: tarehe, geji, klorini, pH, na sahihi ya aliyepima. Lianzeni kesho asubuhi.