Hiyo Bendera Umeipata Wapi?

(Maneno haya yalisemwa kwenye kikao cha vijana. Tumeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni.)



Mwezi uliopita nilijifunga bendera ya taifa mabegani nikielekea mkutanoni. Mzee mmoja pale kituoni akanisimamisha: "Wewe mpinzani, hiyo bendera umeipata wapi?" Yaani kama nimeiiba! Nikakosa jibu. Nimekuja kulipata kwa msanii mmoja Mmarekani mweusi, David Hammons.

Mwaka 1990 Hammons aliichukua bendera ya Marekani na umbo lake hakuligusa. Milia ileile 13, nyota zilezile 50. Alichobadilisha ni rangi tu: milia myekundu na myeusi, nyota nyeusi juu ya kijani. Nyeupe na buluu hazipo kabisa.

Rangi hizo hakuzitunga yeye. Ni za Marcus Garvey na chama chake cha UNIA, waliozitangaza New York mwaka 1920. Nyekundu ni damu, nyeusi ni watu, kijani ni ardhi ya Afrika.

Sasa fikirieni ile milia 13. Ni makoloni 13 yaliyojitangazia uhuru mwaka 1776, huku ndani yake watu wanauzwa kama ng'ombe. Mtu mweusi kalima pamba, kapigana vita vya nchi hiyo, halafu bendera ikipandishwa anaonekana mgeni. Hammons hakuichoma. Na angeweza, maana mwaka huohuo Mahakama ya Juu kule ilifuta sheria ya kuwaadhibu wachoma bendera. Yeye akaipa rangi mpya, kama mtu anayedai jina lake liandikwe kwenye hati ya nyumba aliyoijenga.

Wapo wanaosema ni dharau. Sikubaliani nao, ila nawaelewa. Ukiiona ile bendera unaitambua kwanza, ndipo unashtuka kuna kitu kimebadilika. Hapo ndipo ulipo ujanja wa jamaa. Na kwa miaka mingi imepepea Harlem, nje ya jumba la sanaa la Studio Museum, mtaani kwa watu weusi wenyewe.

Turudi kwetu. Bendera ya Tanganyika ya 1961 ilitokana na rangi za TANU. Muungano ulipokuja mwaka 1964 ikachorwa upya, ikaingia buluu ya Zanzibar. Kwa hiyo hata hii yetu ilishabadilishwa ili mwenzetu naye ajione ndani yake. (Sisemi mkachore bendera kesho! Sheria ya alama za taifa ipo, na mawakili wetu wamechoka.)

Yule mzee nikikutana naye tena nitamwambia nimeirithi kwa babu, aliyelipia kadi ya TANU kwa pesa ya pamba.

Haya, maswali. Dada wa nyuma kule, wewe ulinyoosha mkono kwanza.