SHAMBA LINA MPAKA, NA BIASHARA YA MAMA IWE NA MPAKA

(Hotuba ya akina mama wauza dagaa, iliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama. Tumeiandika hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Tumeomba nafasi hii tuseme jambo ambalo kwa kawaida mtu hulificha ndani ya nyumba yake. Tuliharibikiwa, na tulijiharibia wenyewe. Tunasema mbele yenu ili mwingine asipite njia ile ile.

Sisi ni akina mama saba. Kazi yetu mnaijua. Siku za giza tunateremka Musoma, tunanunua dagaa wabichi mwaloni, tunaanika, tunafunga magunia, tunapeleka kuuza Bunda. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa wavuvi hawaendi ziwani, maana mbele ya mwanga wa mwezi taa zao hazivuti dagaa. Basi na sisi tunarudi nyumbani, tunalima na kuangalia watoto. Kwa utaratibu huo tulikuwa tunapata magunia 8 kila giza, na faida ilionekana.

Mwaka jana, masika yakikaribia, mnunuzi mmoja wa Bunda akatuambia anataka magunia 20. Hatukuulizana hata swali moja. Tukajibu, "Yapo, baba!" Hayakuwapo. Tulikuwa na mikono ya watu saba na vichanja vya magunia 8. Hiyo ilikuwa ndiyo ya kwanza.

Ndiyo ya pili ilikuwa ya fedha. Mtaji haukutosha magunia 20, tukaenda kwa mkopeshaji wa ile mikopo inayoitwa kausha damu. Hakutusumbua na maswali. Alitaka tu orodha ya vyombo vyetu vya ndani.

Ndiyo ya tatu, wiki hiyo hiyo, ilikuwa kupika chakula cha harusi, kwa sababu waliotuomba ni ndugu na tuliona aibu kukataa. Na ndiyo ya nne ilikuwa ya majirani waliotaka dagaa wa kukopa mpaka pamba iuzwe. Tukawapa.

Jamani, mvua ikanyesha. Dagaa wanataka jua kali. Wakinyeshewa wakiwa wabichi wanageuka rangi na kunuka. Wale waliozidi vichanja tuliwatandaza chini mchangani, na hao ndio walioharibika wote. Tuliwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Watatu kati yetu walikuwa kwenye masufuria ya harusi, hapakuwa na mikono ya kukusanya. Mnunuzi wa Bunda alipata magunia 6, akakasirika, akatafuta watu wengine. Mkopeshaji akaja kuchukua vyombo.

Lakini lililotuuma kuliko vyombo ni hili. Mwenzetu mmoja ana binti wa darasa la saba. Mama yake alipochelewa kurudi, akawa anabaki nyumbani kuwapikia wadogo zake na kuteka maji. Wiki tatu hakuonekana shuleni. Mama hakujua mpaka mwalimu alipotuma barua. Sufuria utanunua nyingine, ila wiki tatu za mtoto utazinunua soko gani?

Tulikaa chini tukajiuliza kosa lipo wapi. Mmoja akasema kosa ni mvua. Hapana. Masika yanakuja kila mwaka, hata mtoto anajua. Kosa ni ndiyo nne tulizozitoa bila kuhesabu. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sisi tulishika nne.

Kila mmoja hapa ana shamba, na shamba lake lina mpaka. Ukiondoa mpaka, ng'ombe wa kila mtu wataingia, na hawataingia kwa ubaya, wataingia kwa sababu pako wazi. Biashara yetu ilikuwa pako wazi. Basi tumejiwekea mipaka, na tunaisoma hapa ili mtubane tukiivunja.

MPAKA WA KWANZA: TUNAHESABU MIKONO KABLA YA KUJIBU. Mtu akituagiza mzigo, hatujibu siku hiyo. Tunasema, "Tupe mpaka kesho." Usiku tunahesabu: watu wangapi, vichanja vingapi, siku ngapi za giza zimebaki. Kama ni 8, tunasema 8. Mnunuzi aliyeahidiwa 8 akapata 8 atarudi. Aliyeahidiwa 20 akapata 6 harudi, tumeona.

MPAKA WA PILI: DENI MOJA KWA WAKATI MMOJA, NA LIENDANE NA ZIWA. Sikilizeni hesabu hii. Tuseme umekopa shilingi 100,000, urudishe 120,000 kwa siku 30. Hiyo ni shilingi 4,000 kila siku. Unaona ni ndogo. Lakini kama siku 10 za mwezi ule ni za mbalamwezi na hakuna dagaa, unabaki na siku 20 za kutafuta fedha ile ile. Kila siku ya kazi inabidi itoe shilingi 6,000 za deni, kabla hujanunua chumvi. Wavuvi hawagombani na mbalamwezi, wanalala. Deni la kila siku halilali. Atakayekopa aulize kwanza: marejesho ni ya kila siku, au yanasubiri mzigo uuzwe?

Tena aulize leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya kazi ya kukopesha watu anatakiwa awe na kibali. Ipo pia mikopo ya halmashauri kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Haina riba. Lakini wenzetu, mkopo usio na riba ni deni vile vile. Usichukue kwa sababu unatolewa, chukua kwa sababu umehesabu.

MPAKA WA TATU: MTAJI HAUKOPESHWI KWA UNDUGU. Huu ndio mgumu kuliko yote. Mtu anakuja jioni, ni wa kwenu, anasema, "Dada, nipe debe moja, nitakulipa pamba ikiuzwa." Ukikataa unaitwa mchoyo. Ukikubali, debe limekwenda, na pamba ikiuzwa anapita njia nyingine asikutane na wewe. Umepoteza debe na umepoteza ndugu.

Sasa tunajibu hivi: "Dada yangu, debe la kukopesha sina, mzigo huu ni wa kikundi. Lakini chukua kopo hili, ni mboga ya watoto, wala usinilipe." Tumeona faida yake. Zawadi ndogo ina mwisho wake, na mtu anaondoka kwa heshima. Deni kubwa halina mwisho. Kwa mama mkwe na kwa wazee ni vivyo hivyo: tunapiga magoti, tunaamkia, tunatoa kilicho chetu. Cha kikundi hatugusi.

MPAKA WA NNE: MBALAMWEZI NI YA NYUMBANI. Siku hizo hatuchukui kazi ya kupika wala safari ya soko. Ni siku za shamba, watoto na kulala. Mwili nao ni mtaji.

Mpaka huu hatuwezi kuulinda peke yetu, na hapa tunawageukia akina baba. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote katika nchi, saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Mwalimu, ambaye kaburi lake lipo hapa kwetu Butiama, hakuona haya kulisema. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Tujiulize kwa haki: saa hizo zimepungua, au tumeongeza biashara juu yake?

Kwa hiyo tunaomba mawili. La kwanza, siku za giza mama akiwa Musoma, baba awe nyumbani jioni, na maji yatekwe na mwenye nguvu, si mtoto wa shule. La pili, vikao vya akina mama vipangwe wakati wa mbalamwezi.

Na mtoaji wa barua ile ya shule tunamshukuru. Binti alirudi darasani, mama yake akakaa naye usiku kwenye daftari. Giza lililopita tulipeleka Bunda magunia 8. Tuliahidi 8.

Kazi iendelee, ila iwe na mpaka.

Sisi, akina mama wa dagaa.