Masinia ya Kinga: Jinsi Jeni za Samaki Zilivyopangwa

Katika kila kikundi cha kusikiliza naomba mtu mmoja awe tayari na karatasi na kalamu, maana leo tutachora.

Juma lililopita tulisema kwamba jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya chembe za mwili, na kwamba maagizo hayo yamepangwa kwa safu juu ya nyuzi ziitwazo kromosomu. Leo nauliza jambo ambalo mara ya kwanza laonekana dogo. Yatufaa nini kujua jeni fulani imekaa wapi? Agizo si ni agizo tu, liwe ukurasa wa kwanza au wa mwisho? Hilo tutawauliza samaki.

Kwanza tuelewane juu ya kinga. Kirusi akijificha ndani ya chembe ya ini, askari wa damu apitaye nje atamjuaje? Basi chembe hufanya hivi: huzikata protini zilizomo ndani yake kuwa vipande vidogo, huviweka vipande hivyo juu ya kitu kilicho kama sinia, na sinia hilo hulitoa nje, mlangoni. Askari hupita akikagua. Akiona kipande kigeni, huiua chembe nzima pamoja na mgeni wake. Hilo tuliite sinia la kwanza, na karibu kila chembe ya mwili inalo. Sinia la pili si la kila chembe. Ni la zile chembe zinazomeza vijidudu kutoka nje. Hizo hukionyesha kile zilichokimeza kwa askari wa namna nyingine, askari msaidizi, ambaye kazi yake ni kuwaamsha wenziwe, hasa wale wanaotengeneza kingamwili.

Mwaka 1958 daktari Mfaransa, Jean Dausset, alieleza alama ya kwanza ya namna hii juu ya chembe nyeupe za damu ya binadamu. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1980, pamoja na wataalamu wawili wa Marekani. Baadaye ikajulikana kwamba jeni za sinia la kwanza na za sinia la pili zakaa mtaa mmoja, katika kromosomu ya 6 ya binadamu, pamoja na majirani wengi. Jumla yao yapita 200. Wataalamu huuita mtaa huo M.H.C. Panya naye alikuwa nao, katika kromosomu nyingine. Kuku vile vile, ingawa wake ni mdogo na umebanana sana. Ikawa rahisi kudhani kwamba kila mnyama mwenye uti wa mgongo ana mtaa kama huo.

Sasa chukueni karatasi. Choreni mstari mmoja mrefu, na juu yake mtie alama mbili, ya kwanza na ya pili. Huyo ni binadamu. Chini yake choreni mistari miwili iliyoachana. Mmoja uandikeni 19, na mwingine 8. Huyo ni zebrafishi, samaki mdogo mwenye milia, asili yake India na nchi jirani, ambaye hufugwa sana katika maabara. Mwaka 1997 ilionekana kwamba kwake masinia hayakai pamoja. Jeni kuu za sinia la kwanza zimo katika kromosomu ya 19, na za sinia la pili katika kromosomu ya 8. Samaki wengine wa mifupa waliochunguzwa, kama trauti na samoni, wakaonekana hivyo hivyo.

Hapo swali likageuka. Nani alihama? Je, samaki ndio wa kale, na sisi tukakusanya baadaye? Aliyelijibu swali hili ni papa. Ukoo wa papa uliachana na ukoo wetu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kabla sisi hatujaachana na samaki wa mifupa. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba katika papa masinia yote mawili yako pamoja. Basi mpango wa zamani ni wa kukaa pamoja, nao samaki wa mifupa ndio waliotengana.

Lakini msiwacheke samaki kwa kuvunja mtaa, maana wao wametunza kitu ambacho sisi tumekipoteza. Sinia la kwanza halifanyi kazi peke yake. Lahitaji mkataji wa vipande, na lahitaji mpagazi wa kuvibeba mpaka kwenye sinia. Katika zebrafishi, jeni za mkataji, za mpagazi na za sinia la kwanza zapakana, kama jiko na chumba cha kulia. Kwa binadamu, mkataji na mpagazi wamekwenda kukaa upande wa sinia la pili, na kati yao na masinia ya kwanza pana herufi za urithi zaidi ya milioni moja.

Faida ya ujirani ni nini? Jeni zinazopakana hurithiwa pamoja, kama vyombo vya seti moja. Mkataji anayekata vipande vya umbo fulani hupita kwa watoto pamoja na mpagazi na sinia linalokubali umbo hilo. Katika zebrafishi zimeonekana seti za namna mbalimbali ndani ya jamii hiyo moja, na tofauti baina ya baadhi yake ni ya kale mno, ya mamia ya mamilioni ya miaka. Kwangu hilo ni ajabu kuliko yote ya leo: samaki wawili wa dimbwi moja, na vyombo vya jikoni vilivyoachana kabla ya ndege wa kwanza kuruka.

Yuko na samaki aliyefanya zaidi ya kutenganisha. Ni yule wa bahari ya Atlantiki ya kaskazini, ambaye mafuta ya ini lake watoto wengi walinyweshwa. Nitamwita chewa wa Atlantiki, ingawa si ndugu wa chewa wetu wa mwambani. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Wanorwe walitangaza kwamba wamesoma maagizo yake yote, na jeni za sinia la pili hazimo kabisa! Hata ile alama ambayo askari msaidizi hulishikia sinia hilo haimo. Badala yake ana jeni za sinia la kwanza zipatazo 100. Uchunguzi wa samaki 66, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba ukoo wake wote umepungukiwa hivyo. Na bado chewa huyu aliishi baharini kwa makundi makubwa. Aliyempunguza ni mvuvi.

Mfugaji wa samaki atauliza, mimi yanihusu nini? Kwa binadamu, ugonjwa ukionekana kufuatana na mtaa huu, ni kazi ngumu kujua ni jeni ipi hasa inayohusika, kwa kuwa majirani hurithiwa pamoja. Katika samoni mtu aweza kupima kila sinia peke yake. Mwaka 2003 watafiti wa Norwe walifanya hivyo: waliwaambukiza samoni magonjwa, wakaona kwamba aina fulani za sinia la kwanza, na aina fulani za sinia la pili, zilifuatana na samaki waliopona. Mfugaji anayechagua wazazi wa vifaranga hapo ana la kushika.

Huku kwetu anayefugwa zaidi ni sato. Maagizo yake yalichapishwa mwaka 2014, pamoja na ya samaki wengine wanne wa jamaa yake kutoka maziwa ya Afrika ya Mashariki, mmoja wao wa ziwa Victoria, ambaye jina lake la kitaalamu, Pundamilia nyererei, limetokana na jina la Mwalimu Nyerere. Kurasa za sato basi zipo wazi, na virusi vya mabwawa havisubiri.

Juma lijalo tutasoma habari za kingamwili zenyewe. Tunzeni mchoro wenu, tutauongeza mstari wa tatu. Kwaherini.