Je, Chama Kimsomeshe Kijana Uchumi wa Kilimo?
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twawashukuru kwa kutupa nafasi hii sisi tuliosomea uchumi wa kilimo katika chuo kikuu. Twajua kwamba katika mkutano uliopita mzee mmoja aliuliza kama ni haki fedha za Mfuko wa Elimu zimpeleke kijana miaka minne chuoni kujifunza jembe, hali jembe analo baba yake nyumbani. Swali hilo ni zuri, nasi hatukuja kulikwepa.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba elimu hii si elimu ya jembe. Bwana shamba hufundisha jinsi ya kupata magunia 20 katika eka moja. Msomi wa uchumi wa kilimo huuliza kama gunia la 20 lililipa mbolea iliyolizaa, litauzwa wapi, mwezi gani, na nani atakayekula faida yake kati ya mkulima, dalali na mwenye kinu. Kwa ajili hiyo wanafunzi husoma hesabu na takwimu kwa bidii, nadharia ya bei, usimamizi wa shamba, masoko, mikopo na vyama vya ushirika. Hufundishwa Njoro katika Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya ukulima na kufanywa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Hufundishwa pia Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwingineko. Kijana asiyependa hesabu asipelekwe huko, hata akiwa mwana wa Mwenyekiti.

Sasa tuchukue eka moja ya mahindi, kwa mfano tu. Tuseme gharama ya kulima, mbegu, mbolea, palizi, kuvuna, kupukuchua, magunia na gari ni shilingi 38,000. Imetoa magunia 18 ya kilo 90. Mwenyewe anauza mwezi wa Desemba kwa shilingi 2,500 kila gunia, anapokea 45,000, na kusema amepata faida ya 7,000. Lakini mkewe na watoto wamefanya kazi siku 40 ambazo hakuna aliyeziandika. Tukizihesabu kwa shilingi 300 kila siku, ni 12,000. Basi faida imekuwa hasara ya shilingi 5,000, na aliyeilipa hasara hiyo ni mama wa nyumba, wala hakuulizwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Lau mahindi yale yangewekwa mpaka Juni, na bei ikafika 3,800, basi hata tukitoa magunia mawili yaliyoliwa na fukusi na dumuzi, magunia 16 yangeleta 60,800. Ukiondoa gharama zote, pamoja na jasho la jamaa, zabaki 10,800. Ndipo mtu huuliza: kwa nini basi watu wetu huuza Desemba? Wengine hudhani ni ujinga. Sisi twakataa neno hilo. Mwaka 1964 mwalimu mmoja wa Chicago, Theodore Schultz, aliandika kitabu kueleza kwamba mkulima maskini huvitumia vichache alivyo navyo kwa akili; mwaka 1979 akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Arthur Lewis. Mkulima wetu huuza Desemba kwa sababu karo hudaiwa Januari, ghala lake lavuja, na benki haimkopeshi kwa dhamana ya mahindi. Tena kungoja kuna hatari zake: mahindi yakiingia kwa wingi kutoka Uganda au Tanzania, bei ya Juni yaweza kuanguka, na mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vema hushikwa na ukungu wenye sumu. Ndiyo maana mwaka 2019 nchi yetu ilitunga sheria ya stakabadhi za ghala, ili mkulima aweke nafaka yake katika ghala lililokubaliwa na kupewa hati anayoweza kukopea fedha. Ni watu wangapi katika mkutano huu walioisikia sheria hiyo?

Wazee waikumbuka kahawa kuliko sisi. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975, bei ikapanda duniani mpaka 1977, na huku kwetu watu wakaezeka mabati na kununua malori. Wengi wakapanda mibuni mipya. Lakini mbuni hungoja kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuzaa vya kutosha, na miche ile ilipozaa, bei ilikwisha kushuka. Kisha Julai 1989 mapatano ya mataifa juu ya mafungu ya kuuza kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka. Hakuna mganga wala mwanasheria aliyesomeshwa kutambua mwendo huo. Hatusemi kwamba msomi wetu angeijua baridi ya Brazil kabla haijaja. Twasema angeuliza, wakati kila mtu anapanda, mazao hayo yote yatakutana na bei gani.

Juu ya kazi, hatutawaficha. Wenye shahada hii si wote wanaoajiriwa upesi. Tangu 2013 shughuli nyingi za kilimo zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na nafasi zao ni chache. Wengine huingia benki, vyama vya ushirika na makampuni ya mazao, wengine hungoja. Mzazi anayetaka mshahara wa uhakika ana haki ya kuchagua ualimu au uuguzi.

Ombi letu ni dogo. Chama kimlipie karo mwanafunzi mmoja kila mwaka, mvulana au msichana, nasi twapendelea aanze msichana, kwa kuwa wanawake ndio wenye siku 40 zile. Kwa malipo yake, kila likizo akae na jamaa kumi za wanachama, awaandikie gharama na mapato ya mashamba yao, siku za kazi zikiwemo, na kuisoma jumla ya hesabu hiyo mbele ya Mkutano Mkuu bila kutaja jina la mtu. Akishindwa mwaka mmoja kuileta, karo ya mwaka unaofuata isimamishwe.

Hesabu za majaribio za jamaa watatu waliokubali zimo katika daftari alilo nalo Katibu. Wanachama waweza kulitazama wakati wa chakula, kabla ya kura kupigwa alasiri.